Kidonge cha Chini ya Ulimi

Baba alikuwa akiniita mganga wa panya. Alianza siku niliporudi kutoka chuo kikuu nikamweleza kwamba kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kutoa mioyo ya panya, kuining'iniza kwenye mrija na kuipitishia maji ya chumvi na sukari ili iendelee kupiga nje ya mwili. Alinitazama, akavua kofia, akajikuna upara.

"Kwa hiyo panya amekufa, ila moyo wake mzima?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa hapo umemponya nani?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi nilinuna. Niseme mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari: mimi ni mtu wa kununa haraka, na kuongea haraka kuliko kununa. Kukaa kimya ndiko kunakonishinda. Hata darasani, nikiuliza swali, najijibu mwenyewe kabla mwanafunzi hajanyoosha mkono.

Nafundisha kemia Ngara mjini. Wazazi wangu wanakaa Lusahunga, pale njia panda ambapo malori ya kwenda Rusumo mpakani husimama watu wale, wakojoe, wakague matairi. Mama ana mgahawa: chai, chapati, ugali, maharage, na samaki siku akipatikana. Baba alihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Miguu ilipoanza kumchoka aliwapunguza, akahamia kwenye benchi lililo mbele ya mgahawa, chini ya bati, na kofia yake ya pama. Benchi hilo likawa ofisi yake. Madereva wanamjua, makondakta wanamjua, wauza nanasi wanamjua. Hapiti mtu Lusahunga bila kusema "Shikamoo, mzee," na hajawahi kupita mtu bila kuitikiwa marahaba kamili, yenye "mwanangu" ndani yake na swali la safari nyuma yake.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Kwanza alisema ni gesi. Halafu akasema ni maharage ya mama, mama akachachamaa, wakakaa siku mbili hawaongei vizuri. Mwisho nilimpeleka mwenyewe Mwanza kwa daktari wa moyo, naye akatuambia kwamba mishipa inayoulisha moyo imekuwa myembamba. Tukapewa vidonge vya kumeza kila siku, na kichupa kidogo cha kioo cheusi chenye vidonge vingine vidogo sana. Hivyo vilikuwa vya dharura. Maumivu yakija, alisema daktari, mzee akae, aweke kimoja chini ya ulimi, kiyeyuke chenyewe. Dakika tano zikipita bado yanauma, aweke cha pili. Yakigoma hapo, mkimbizeni hospitali.

Nilifurahi, jamani, karibu niruke. Kidonge kile nilikuwa nakijua kama ndugu wa damu. Baba alipoona nacheka na kichupa alimwambia daktari, "Usimshangae, huyu ni mganga wa panya."

Niwaeleze kwa nini nilifurahi. Moyo ukikosa damu kwa muda unaumia, hilo kila mtu anaelewa. Kisichojulikana na wengi ni kwamba hata damu ikirudi, kule kurudi ghafla kunaleta madhara yake. Oksijeni inaingia kwa fujo na kuzaa vitu vikali vinavyorukia protini za moyo na kuziharibu zisifae tena. Protini nyingi zina mahali penye salfa, na hapo ndipo panaposhambuliwa kirahisi. Sasa mwili una gesi yake wenyewe inayoitwa naitriki oksaidi. Ni kitu kidogo mno, cha kupita tu, kinachoishi sekunde chache. Lakini inaweza kujishikiza pale kwenye salfa kabla ya uharibifu kufika. Vitu vikali vikija vinakuta pamekaliwa. Hatari ikipita, ile gesi inabanduka na protini inarudi kazini kama ilivyokuwa.

Nilisoma bweni kule Rulenge, na Jumapili kanisani akina mama waliochelewa walikuwa wameshawekewa kanga kwenye benchi na wenzao. Hakuna aliyekaa juu ya kanga ya mtu. Mwenyewe akifika, kanga inaondolewa, anakaa. Ndivyo nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi wangu, na ndivyo nilivyomweleza baba, kwa chaki, kwenye ukuta wa mgahawa wa mama, nikafokewa kwa kuchafua rangi.

Kidonge cha baba si jambo lile lile nililosomea, ila ni ukoo mmoja. Kikiyeyuka chini ya ulimi, dawa inapenya kwenye vimishipa vya hapo, inaingia kwenye damu, na mwilini inageuka kuwa gesi hiyo hiyo. Mishipa inalegea, mzigo wa moyo unapungua, maumivu yanaachia. Kama dawa hiyo inakwenda pia kukalia zile salfa, na kwa kiasi gani, hilo wataalamu bado wanachimba. Mimi lilinitosha kwamba baba yangu anatembea na naitriki oksaidi mfukoni. Nilirudi Ngara nikiwa nimevimba kichwa.

Dawa haikufanya kazi.

Mama alinipigia simu wiki ya kwanza: mzee ameweka kidonge, maumivu hayakuondoka. Wiki ya pili, vivyo hivyo. Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikasema vidonge vimekaa karibu na jiko, vimeharibika kwa joto. Mama akaapa havijawahi kukanyaga jikoni. Nikasema basi baba amevihamishia kwenye kikopo chake cha ugoro, maana vidonge vile vikitolewa kwenye chupa yake nguvu inakwisha. Baba akachukua simu, akasema kikopo cha ugoro kina ugoro. Nikanunua kichupa kingine, nikakipeleka mwenyewe, nikamsomea baba maelekezo kwa sauti, na yeye akaitikia "ndiyo, mwalimu" kila mstari kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa nakereka, lakini chini ya kero ilikuwa hofu tupu. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande. Simu ikilia darasani, chaki inaanguka.

Mwezi uliofuata nilikwenda Lusahunga tena bila kualikwa. Nilishuka kwenye basi saa nne asubuhi nikamwona baba benchini, mkono kifuani, uso umekuwa wa majivu. Nilikimbia. Nilipofika mbele yake nikapiga goti kama nilivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu. Za Ngara?"

Nikasema nzuri. Nikamuuliza kama ameweka dawa, akasema ameweka. Dakika tano zikapita, akaweka cha pili. Kondakta wa basi lile lile akapita, akamwamkia, akaitikiwa. Dakika chache baadaye baba aliinama taratibu upande mmoja, kofia ikaanguka, na mama akapiga yowe lililotoa watu dukani. Tulimpakia kwenye pikapu ya muuza nanasi hadi hospitali ya Biharamulo. Alilazwa siku nne. Aliponea chupuchupu, na mimi siku zote nne sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilizunguka kwenye uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Alipotoka niliomba ruhusa shuleni, nikaamua kukaa naye benchini mpaka nione kwa macho yangu. Siku mbili hakuumwa. Tulikaa tukihesabu malori, yeye akinitania, mimi nikitikisa goti bila kukoma. "Ukiendelea hivyo benchi litavunjika," alisema, "na dawa ya benchi huna."

Siku ya tatu, katikati ya mazungumzo, alinyamaza. Mkono ukaenda kifuani. Nikamkabidhi kichupa, akatoa kidonge kimoja, akanyanyua ulimi, akakiweka, akafunga mdomo. Kila kitu sawasawa. Nikawasha saa ya simu. Hazikufika sekunde ishirini, dereva mmoja akashuka kwenye lori akijinyoosha.

"Shikamoo, mzee wetu!"

Nikaona koo la baba linapanda na kushuka.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka salama? Mvua huko vipi?"

Dereva akaenda zake kunawa. Nikasema, "Baba, fungua mdomo." Akafungua. "Nyanyua ulimi." Akanyanyua. Palikuwa patupu.

"Kidonge kiko wapi?"

"Nimemeza."

"Umemeza! Kwa nini umemeza?"

Akanishangaa kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyefanya ujinga. "Sasa ningemwitikiaje mtu nikiwa na kitu mdomoni?"

Kidonge kile kikimezwa kinapita kwenye ini kwanza, na ini linakivunja karibu chote kabla hakijafika kwenye moyo. Nilikuwa najua hilo. Nimelifundisha. Nilikuwa najua jina la kila atomu iliyomo, ila sikuwahi kujiuliza mtu mzima wa Kisukuma, anayekaa kwenye njia panda, anayeamkiwa mara mia kwa siku, atakaaje dakika tatu za kidonge kuyeyuka mdomo umefungwa. Nikampa kidonge kingine, nikasimama mbele yake nimetanua kanga yangu pande zote mbili ili asionekane. Aliweka, akanyamaza, akinikodolea macho kwa aibu. Baada ya muda mfupi rangi ilirudi usoni. Akapumua kwa kina.

"Ebo," alisema. "Kumbe inafanya kazi."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilikumbuka siku ile niliyoshuka kwenye basi. Mkono kifuani, mdomo umefungwa. Nani alimfungulisha? Mimi. Mimi niliyepiga goti vumbini na shikamoo yangu nzuri ya kufundishwa. Alimeza ili aniitikie mimi. Nilikwenda nyuma ya mgahawa, kwenye rundo la kuni, nikalia kwa hasira, na mama alipokuja kuniuliza nikamfokea, halafu nikamwomba msamaha.

Ungedhani kazi iliishia hapo. Wapi! Kazi ndiyo ilianza. Nilimwambia baba asimjibu mtu akiwa na kidonge. Akakataa. Nikamwambia aitikie kwa kichwa. "Kwa kichwa anaitikia ng'ombe." Nikamwambia aseme marahaba mdomo umefumbwa. "Hiyo ya walevi." Nikapendekeza aingie ndani maumivu yakianza. Akaniambia daktari amesema akae, hakusema atembee, tena mzee akianza kuingia ndani kila watu wakitokea watasema ana deni. Nikaja na wazo la kibao: "Mzee yuko kwenye dawa." Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Mimi ni duka, niandikwe nimefunga?" Akagonga benchi kwa kiganja. "Sikiliza. Nilifika hapa sina mtu. Lugha yao siijui, yangu hawaijui. Kitu cha kwanza nilichopewa ni shikamoo. Mtoto wa mtu nisiyemfahamu aliniamkia njiani, nikajua nitaishi. Sasa unataka nimnyime mtu marahaba kwa sababu ya kifua?"

"Utakufa, baba!"

"Basi nitakufa nimeitikia."

Nilitamani kumtikisa mabega. Nilirudi Ngara nimekasirika naye, nampenda, na sina raha hata chembe. Nikifundisha, najikuta nimeandika ubaoni neno moja mara mbili. Nikila, sijui nimekula nini. Kwenye kilima cha Ngara jioni watu wanakaa wanapunga upepo, mimi nazunguka sokoni kama niliyetumwa kitu nikakisahau. Nilikuwa nimejifunza miaka yote ile namna gesi inavyokalia mahali pa hatari ili kibaya kisipakalie, na hapa tatizo lilikuwa ni neno moja la heshima.

Ilichukua wiki nzima kunijia kwamba nilikuwa nambana mtu asiye sahihi. Baba hawezi kuamkiwa akakaa kimya. Sawa. Basi asiamkiwe.

Nilipanda basi Jumamosi. Nikaomba jambo moja tu kwa baba: maumivu yakianza, avue kofia aiweke gotini. Basi. Hata asiseme neno. Alinitazama kwa mashaka, akasema kofia ni yake, ataiweka atakapo. Kwangu hiyo ilikuwa ndiyo. Kisha nikaanza kuzunguka. Nilikwenda kwa wauza nanasi, kwa vijana wa bodaboda, kwa fundi matairi, kwa madereva waliokuwa wakila kwa mama, nikawaambia kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akiomba: mkimwona baba yangu kofia iko gotini, msimsalimie. Piteni kama hamkumwona. Kofia ikirudi kichwani, mwamkieni mpaka mchoke.

Walinicheka. Mmoja akauliza kama mzee amekosana na kijiji. Lakini aliyenikatisha tamaa ni mama mwenye duka ng'ambo ya barabara. Watu wake walitoka pwani zamani, na salamu kwake si ya mchezo. Yeye mtu akiingia dukani akataja sukari kabla ya kuamkia anarudishwa mlangoni akaanze upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Yaani mimi nimpite mzee wangu kama jiwe?"

"Kwa dakika tatu tu, mama."

"Mwalimu, umesoma mpaka umepotea." Akageukia mizani yake.

Niliondoka na moyo mzito. Wiki mbili zilizofuata niliishi kwa simu. Mama alisema kofia ilikaa gotini mara moja, watu wakapita kimya, mzee akapona, ila jioni alilalamika kwamba amejisikia kama maiti. Mara ya pili mtoto wa shule alisahau, akamwamkia, na kidonge kikamezwa. Kila nikikata simu nilibaki na swali lile lile: mara ya tatu je?

Shule zilipofungwa sikungoja hata kikao cha mwisho kiishe vizuri. Basi liliharibika Nyakahura, tukasimama saa nzima, mimi nikimzonga dereva mpaka akaniambia nije nitengeneze mwenyewe. Tulifika Lusahunga jua la saa saba. Nilishuka na begi, na mdomoni tayari nilikuwa na shikamoo, kama kawaida.

Kofia ilikuwa gotini.

Alikaa wima, mkono mmoja kifuani, midomo imefumbwa kabisa. Aliniona. Macho yake yaliniangalia kwa namna ambayo siisahau, yakinisihi, kwa sababu alijua nikisema neno lile atajibu. Wiki mbili nzima hatujaonana. Nilikuwa na kila sababu ya kusema. Ulimi ulinyanyuka, nikaung'ata.

Sikupiga goti. Sikusema kitu. Nilikwenda kukaa pembeni yake kwenye benchi kama mgeni asiye na adabu, nikaweka begi kati ya miguu. Goti langu lilianza kutikisika, nikalishika kwa mikono miwili. Mama alitoka jikoni, akaona, akasimama mlangoni na sufuria mkononi. Kijana wa bodaboda alipita akiangalia angani. Sijawahi kukaa kimya muda mrefu namna ile tangu nizaliwe.

Ndipo nikamwona dereva mgeni, mwenye lori la kwenda Rusumo, anavuka barabara kuja moja kwa moja kwetu, uso umechangamka, mkono umenyanyuka, kinywa kinafunguka. Nilinyanyuka nusu. Sikumfikia. Yule mama mwenye duka alikuwa ametoka kwake mbio, kandambili moja imebaki nyuma, na kabla ya "shi" haijatoka alimziba yule mwanamume mdomo kwa kiganja chake, barabarani, mchana kweupe, mtu asiyemjua. Dereva alitoa macho. Mama mwenye duka hakuondoa mkono. Alisimama naye hivyo hivyo, yeye mwenyewe akiangalia chini kwa aibu.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Niliona mabega ya baba yakishuka. Mkono ukatoka kifuani. Akachukua kofia gotini, akaikung'uta vumbi, akaivaa, akaiweka sawa. Akamtazama mama mlangoni, na mama mwenye duka barabarani na mgeni wake, kisha akanigeukia mimi.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nilikuwa sijamwamkia bado.